Kiswahili cha Binti Yangu Kinaishia Mlangoni

Likizo ya Julai mwaka jana tulikwenda Tanga kumwona mama yangu, na asubuhi ya pili mtoto wa jirani, wa miaka minne au mitano hivi, aliingia uani amebeba sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa. Aliikabidhi sahani, akamgeukia binti yangu, ambaye ana miaka 12, akamwamkia kama alivyofundishwa kwao: "Shikamoo, dada." Binti yangu akamjibu kwa adabu zote, ameinama kidogo: "Shikamoo." Mtoto akabaki amesimama, akisubiri kitu ambacho hakikuja, kisha akamtazama mama yangu kana kwamba anamuuliza huyu mgeni ana nini. Shangazi zangu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nami nilicheka, ingawa moyoni nilikuwa na aibu ya mzazi ambaye malezi yake yameanikwa uani mbele ya ukoo mzima.

Usiku, tulipokwisha kulala, jambo lile liliendelea kunizunguka kichwani. Binti yangu analijua vizuri neno marahaba. Amelisikia tangu hajaanza kutembea, kila Jumapili tunapompigia Bibi simu kutoka Leicester, lakini amelisikia likitoka upande mmoja tu, kwa watu wazima, wala hajawahi hata mara moja kusimama mahali pa mtu anayestahili kulitamka. Nyumbani kwetu mdogo wake wa kiume hamwamkii, na mtaani hakuna mtoto wa kumwamkia. Kwa hesabu yake, shikamoo ni neno la watoto na marahaba ni neno la wazee, naye bado ni mtoto. Kwa ushahidi tuliompa kwa miaka 12, jibu alilotoa ndilo lililopaswa kutoka.

Mimi si mwanaisimu. Kazi yangu ni ya maabara, na labda ndiyo maana nilianza kuweka kumbukumbu za lugha ya wanangu kama ninavyoweka kumbukumbu za vipimo: tarehe, sentensi waliyoisema, na mazingira waliyoisemea. Baadaye nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba watoto wa aina ya wangu wana jina katika taaluma. Wanaitwa wazungumzaji wa lugha ya urithi. Maelezo yanayonukuliwa zaidi ni ya Guadalupe Valdés, mtaalamu wa Marekani, ambaye alimtaja mtu aliyelelewa katika nyumba inayozungumza lugha isiyokuwa Kiingereza, anayeizungumza lugha hiyo au hata kuielewa tu, na ambaye kwa kiasi fulani ni mtu wa lugha mbili. Maneno "hata kuielewa tu" yalinipa faraja kubwa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu yalimpatia nafasi mwanangu mdogo, ambaye nitamfikia baadaye.

Jambo la kwanza nililoliona katika kumbukumbu zangu lilihusu ngeli. Binti yangu husema "viatu vyangu viko wapi", "kikombe changu kimevunjika", "chakula kinapoa" na "mlango umefungwa" bila kusita hata kidogo. Ukimsikia akiwa jikoni utaapa kwamba amekulia Chumbageni. Kisha mnatoka nje, na yule yule anasema "kituo ya basi", "kijiji ile", "mto kubwa", "chuo yake". Kwa muda mrefu nilidhani anaijua kanuni ya KI-VI ila anazembea. Nilipoipanga orodha vizuri nikagundua kwamba upatanisho wake sahihi unaishia mlangoni. Kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, ambacho mimi na mama yake tumekitaja mara elfu tukiuliza kiko wapi, kimepotelea wapi au nani amekichafua, kina kiambishi chake cha haki. Vitu vya nje ya nyumba, ambavyo kwake vina majina ya Kiingereza kwanza, huvitupa vyote katika ngeli moja, ile ya I-ZI, kama mtu anayetupa nguo zote katika kapu moja kwa kuwa hajui kabati lake liko wapi.

Watoto wa lugha za Kibantu wanaokulia nyumbani hawachukui muda mrefu kuzizoea ngeli. Katherine Demuth, aliyefanya utafiti miaka mingi nchini Lesotho, alionyesha kwamba watoto wa Kisotho wanapofika miaka mitatu hivi huwa wameshaumudu kwa sehemu kubwa upatanisho wa ngeli, ingawa ukiutazama kwenye vitabu vya sarufi unaogopesha. Basi kwa nini mtoto wa miaka mitatu aushike na wangu wa miaka 12 aukose? Nadhani jibu ni wingi na upana wa mazungumzo. Mtoto wa Lesotho, au wa Korogwe, husikia kiambishi kimoja kikiwa juu ya mamia ya nomino kutoka kwa watu wengi: muuza duka, kondakta, bibi wa jirani, watoto wenzake wanaogombana. Wangu alisikia viambishi kutoka kwa watu wawili waliochoka, jioni, juu ya vitu vile vile. Akili yake haikuwa na sababu ya kutunga kanuni; ilikariri jozi moja moja, kiatu na changu, kiti na chako, ikaridhika.

Ninajua kuna watakaosema kwamba "kitabu hii" na "kituo ya basi" husikika hata Nairobi kwa vijana ambao hawajawahi kupanda ndege. Ni kweli, na ni jambo la kuzingatia, maana linaonyesha kwamba mfumo wa ngeli hupungua kwa njia zinazofanana popote ambapo lugha nyingine inaibana lugha hii kazini, shuleni na barabarani. Maria Polinsky, ambaye amewachunguza sana watoto wa Warusi walioko Marekani, aliona kitu cha jamii hiyo hiyo: Kirusi kina jinsi tatu za nomino, lakini kwa wazungumzaji wa urithi ambao umilisi wao ni mdogo zinabaki mbili, na ile ya tatu hupotelea ndani ya nyingine. Kinachobaki bado ni mfumo unaofuata kanuni zake. Hata binti yangu hakosei ovyo. Ukimpa nomino ngeni leo na kesho, ataipeleka kwenye kapu lile lile siku zote mbili.

Mwaka juzi nilimpa jaribio ambalo wanaisimu hulipenda. Kuna kitabu cha picha kisicho na maneno, kinachomhusu mvulana, mbwa wake na chura aliyetoroka usiku, ambacho kimetumika katika lugha nyingi sana duniani kwa sababu kila mtu anaweza kukisimulia bila kusoma. Nilimwekea kinasa sauti mezani, nikampa chai, nikamwachia. Alianza vizuri. Alipofika kwenye picha ya mzinga alinyamaza kwa sekunde sita (nilizihesabu baadaye kwenye rekodi), kisha akasema "nyumba ya nyuki". Bundi akawa "ndege ya usiku". Mvulana aliyepanda juu ya jiwe alisimuliwa hivi: "Anasimama juu ya jiwe na anaita chura." Kwa masikio yangu, anasimama ni mtu ambaye sasa hivi anainuka; aliyekwisha kuinuka na kutulia juu ya jiwe amesimama. Kiingereza hakina tofauti hiyo katika umbo la kitenzi kwa namna tuliyonayo sisi, nacho ndicho kilichokuwa kikimwongoza hapo. Lakini yule yule, rekodi inapoishia, anasikika akisema, "Baba, nimechoka." Hakusema "ninachoka". Nimechoka, nimeshiba, nimelowa na amelala ni maneno ya nyumbani, na humo -me- yake haina doa.

Hesabu ya msamiati nayo ilinichekesha. Polinsky hutumia orodha ya maneno ya msingi yapatayo 200, na amegundua kwamba idadi ya maneno ambayo mzungumzaji wa urithi anayajua hubashiri vizuri hali ya sarufi yake, kiasi kwamba orodha ya dakika chache inaweza kumpa mtafiti picha ambayo angeitafuta kwa saa nzima ya mtihani. Kasi ya kuzungumza pia huashiria jambo hilo hilo. Mimi nilitunga orodha yangu ya viungo vya mwili. Binti yangu alijua jicho, goti, kwapa, kisigino, hata kisogo. Hakujua ini, figo, pafu wala mshipa. Mke wangu alipoiona orodha alisema papo hapo: "Anajua sehemu zote ambazo tulimwogesha." Sijakutana na maelezo mafupi zaidi ya hayo kuhusu namna lugha ya urithi inavyopatikana.

Kosa moja lilinigusa mimi mwenyewe. Binti yangu husema "nimeona Bibi kwenye picha" badala ya "nimemwona Bibi", yaani hukidondosha kile kiambishi cha mtendwa ambacho, kwetu sisi, hakikosekani mtendwa anapokuwa mtu anayejulikana. Nilikuwa tayari kukilaumu Kiingereza hadi niliposoma kuhusu Kihispania. Lugha hiyo huweka kijineno kidogo, a, mbele ya mtendwa aliye mtu, na haikiweki mbele ya mtendwa aliye kitu. Silvina Montrul na wenzake walionyesha kwamba wazungumzaji wa urithi wa Kihispania nchini Marekani hukiacha mara nyingi. Kilichonishtua ni kwamba walipowapima pia wahamiaji wa kizazi cha kwanza, watu waliokulia Mexico na kuhamia ukubwani, baadhi yao nao walikuwa wakikiacha. Usiku ule nilirudi kwenye rekodi zangu, nikasikiliza sauti yangu badala ya ya mtoto. Dakika ya nne nikajisikia nikiuliza: "Haya, mvulana ameona nani hapo?" Amemwona nani, bwana! Miaka 16 nje ya nyumbani, na mimi ndiye chemchemi ambayo mtoto anateka maji.

Hapa ndipo penye mabishano makubwa ya taaluma, na nina upande wangu. Kwa muda watafiti wengi, akiwemo Montrul katika maandishi yake ya mwaka 2008, walieleza tofauti hizi kwa dhana ya umilisi usiokamilika: mtoto alianza kuipata lugha, lugha ya shule ikaingia kati, safari ikakatika njiani. Mwaka 2012 Diego Pascual y Cabo na Jason Rothman waliipinga dhana hiyo wakisema kwamba huwezi kumwita mtu asiyekamilisha kitu ambacho hakikuwekwa mbele yake. Alichopata ni kamili kwa kipimo cha alichosikia. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba maelezo yao peke yake hayatoshi, kwa sababu kuna vitu ambavyo mtoto alikuwa navyo kisha vikapotea.

Nina ushahidi wake kwenye simu ya zamani. Binti yangu ana miaka minne, wiki chache kabla ya kuanza shule, na anasikika akilia: "Nataka ile nguo aliyoninunulia Bibi!" Kirejeshi o kipo mahali pake, mtendwa yupo, mtenda amekuja nyuma ya kitenzi kama inavyotakiwa. Leo, miaka minane baadaye, husema "ile nguo Bibi alininunulia", vipande viwili vilivyowekwa kimoja kando ya kingine bila gundi. Polinsky aliwahi kuwapima kwa sentensi za namna hiyo watoto na watu wazima wa urithi wa Kirusi, akitumia picha. Watoto wa urithi walifanya sawa na wenzao walioko Urusi. Watu wazima wa urithi, wanapokutana na kishazi ambacho nomino yake ndiyo inayotendwa, kama vile paka anayefukuzwa na mbwa, walikuwa wakibahatisha. Kwa hiyo safari ilifika, ila kituo kikahamwa baadaye. Shule ya Kiingereza haikuizuia o ya mwanangu isizaliwe. Ilikaa juu yake miaka minane hadi ikanyamaza. Ndiyo maana mpwa wangu, aliyehamia huku akiwa na miaka 11 na kusoma Muheza hadi darasa la tano, huzungumza leo Kiswahili kisichotofautiana na cha waliobaki, wakati tofauti ya umri kati yake na binti yangu ni miaka mitatu tu.

Mdogo mtu, mwenye miaka minane, ni habari nyingine. Yeye alizaliwa akamkuta dada tayari ana Kiingereza, na lugha ya watoto wawili ndani ya nyumba ikawa ile ya shuleni. Tunamsemesha kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza, na hatekelezi tu maagizo bali hucheka mahali panapochekesha, jambo linaloonyesha kwamba anaelewa zaidi ya amri. Jamaa zangu humwita bubu wa Kiswahili. Ninapowasikia hukumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Terry Kit-fong Au na wenzake huko California, juu ya wanafunzi wa chuo kikuu ambao utotoni walikuwa wakisikia Kihispania kikizungumzwa karibu nao bila wao kukizungumza. Walipoanza kukisoma darasani, matamshi yao yalikaribia ya wenyeji kuliko ya wenzao ambao hawakuwahi kukisikia, ingawa kwa sarufi hawakuwazidi. Mwanangu hutamka ng'ombe na mbwa kama mtoto wa Pongwe. Mwenzangu wa kazini, Mwingereza mwenye shahada mbili, amejitahidi mwaka mzima na bado ng'ombe wake ana g inayosikika hadi barabarani.

Sauti hukaa mwilini kwa namna ya ajabu, na hapa watafiti wenyewe wamepata majibu yanayovutana. Christophe Pallier na wenzake mwaka 2003 waliwapima watu waliozaliwa Korea na kuasiliwa Ufaransa wakiwa watoto, na hawakuona alama yoyote ya Kikorea katika ubongo wao. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal waliwapima wasichana waliozaliwa China na kuasiliwa katika familia zinazozungumza Kifaransa wakiwa wachanga, ambao hawakukumbuka neno hata moja. Waliposikilizishwa toni za Kichina, ubongo wao uliitika kama wa wale wanaokizungumza lugha hiyo, tofauti na wa Wafaransa wa kawaida. Sitaki kujenga nyumba ya matumaini juu ya tafiti mbili, ila nimeacha kumwita mwanangu bubu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi bibi mmoja wa Kigujarati, ambaye wanangu wanamwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Jinja, na mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda, alikuja Leicester kama maelfu ya wenzake. Kigujarati cha Ba kimejaa fagio, kisu na sufuria; muhogo kwake ni mogo, na neno hilo mogo utalikuta limeandikwa kwenye menyu za migahawa ya mji huu na vijana ambao hawajui kwamba ni la Kiswahili. Binti yangu humsaidia jikoni siku za Jumamosi, nami nimewahi kusimama mlangoni nikiwasikiliza. "Lete kisu. Osha mogo. Weka hapa. Toa maganda." Mtoto anaelewa kila neno, na ni haki aelewe, maana ndiyo vitenzi vile vile ambavyo mimi na mama yake tumemlea navyo. Ba alikipata Kiswahili kwa kuwaagiza watumishi. Binti yangu alikipata kwa kuagizwa na wazazi. Historia iliyo nyuma ya Kiswahili cha Ba si ya kujivunia, na yeye mwenyewe amewahi kuniambia hivyo, lakini kisarufi wawili hawa wanafanana kuliko mimi na yeyote kati yao. Wote wana hali ya kuamuru iliyonyooka. Wote hawana -nge-. Ukitaka kusikia "kama ningalijua" katika mtaa wetu, utaisikia kwangu peke yangu, na siku hizi huisema nikijua kwamba hakuna wa kunijibu kwa nyingine.

Kuhusu Oman nitasema kidogo. Nilipita Muscat mara moja safarini, nikakaribishwa chai na mzee ambaye familia yake ilitoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, ikatulia Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri hadi nikaona haya juu ya changu, ila gari lilikuwa bado ni motokaa. Wajukuu walielewa kila alichosema, na walimjibu kwa Kiarabu.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikijitolea kufundisha darasa la Kiswahili la Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi wenye baridi isiyokubali kushindwa na hita. Nusu ya watoto ni wa familia kutoka Kivu. Wiki za mwanzo msichana mmoja alisimama mbele ya picha na kusema: "Batoto banalala." Nilimsahihisha. Nikaandika ubaoni "Watoto wamelala", nikawaambia wote warudie, na nikajisikia mwalimu. Baada ya darasa mama yake, mwenyeji wa Bukavu, alinisogelea kwa upole ambao ulinichoma zaidi kuliko angekuja kwa ukali. "Mwalimu," alisema, "kwetu ndivyo tunasemaka."

Ndivyo wanavyosema, na wamesema hivyo kabla yangu na yake. Ba- ya wingi wa watu na -ka ya mazoea ni vitu vya kudumu katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na msichana yule alikuwa amevipokea kwa mama yake bila hata kimoja kuanguka njiani. Mtoto wangu, anayesema "kituo ya basi", alikuwa amepoteza kitu ambacho mimi nilikuwa nacho. Yule wa Bukavu hakuwa amepoteza chochote. Mimi nilikuwa nimewapa wote wawili alama moja nyekundu. Kabla hujapima upungufu wa mrithi lazima ujue alirithi nini, nayo sarufi ya kitabuni si urithi wa nyumba yoyote ninayoijua, hata ya kwetu. Siku hizi darasani tunaandika mbao mbili. Kiswahili sanifu kiko kulia, kwa sababu watoto hawa watataka siku moja kusoma gazeti, kusikiliza Dira ya Dunia, au kufanya mtihani. Kushoto tunaandika "kwetu", na kila mtoto analeta cha kwao. Mama wa Bukavu huja mara nyingine kutusaidia upande wa kushoto.

Na mimi je, wa kwangu uko wapi? Mama yangu ni Mbondei, na marehemu baba alikuwa Mbondei. Wao wawili walizungumza Kibondei, sisi watoto tukasemeshwa Kiswahili, maana shule ya msingi ilikuwa ya Kiswahili tupu na wazazi hawakutaka tutatizike. Bibi yangu wa Muheza alinisemesha Kibondei hadi alipofariki, nikamjibu kwa Kiswahili miaka yote hiyo, na sikumbuki mtu yeyote aliyeliona kuwa jambo la kushangaza. Nilisoma kurasa nyingi juu ya Wahispania wa Marekani na Warusi wa Marekani kabla ya kutambua kwamba maelezo ya Valdés, ukiondoa neno Kiingereza na kuweka Kiswahili, yananielezea mimi, pamoja na karibu kila mtu niliyesoma naye.

Siku tatu kabla ya kuondoka Tanga nilimpa mama kile kitabu cha chura. Binti yangu alishika simu ya kurekodia. Mama aliweka miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akasimulia kwa Kibondei kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiigiza mbwa, akimkaripia mvulana, na mimi nilielewa kila kitu, hata mzaha wake kuhusu bundi. Alipomaliza alinisukumia kitabu na kusema haya, zamu yako. Nilianza kusimulia, na nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu binti yangu aliponikatiza.

"Baba, Bibi amesema Kibondei. Mbona wewe unasema Kiswahili?"

Nilirudi ukurasa wa kwanza nikajaribu. Mama alinisahihisha neno la pili.